Fizi Zangu na Sukari Isiyotoka Dukani

Mjimwema, Songea
Jioni, kabla ya safari yako

Skolastika mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu leo siwezi kusema. Mahali ambapo hadi asubuhi palikuwa na meno mawili ya mbele pana mashimo mawili yenye damu, na kila nilipojaribu kukujibu mchana, damu ilianza upya, ukanizuia kwa mkono kama unavyomzuia mtoto asiguse jiko. Baba yako amefurahi kupita kiasi. "Chuo kilishindwa kumnyamazisha, mkuu wa shule alishindwa," alisema huku akikupa beseni, "kumbe ilitakiwa koleo tu!" Wewe hukucheka. Ulitazama damu ndani ya beseni, ukasema maneno mawili: "Mama, siendi."

Basi kabla hujarudi kutoka kuwaaga wenzako wa kwaya, nataka nikujibu. Sitakuandikia habari za sweta, wala za watu wa kukaa nao mbali huko Dar es Salaam unakokwenda kusomea udaktari. Hayo utayajua mwenyewe, au utakosea na kujifunza. Nataka tuzungumze juu ya hofu yako, maana naijua ilikozaliwa.

Ilizaliwa Mpitimbi, katika chumba cha bibi yako. Ulikuwa darasa la sita ulipopelekwa kumsaidia, na wewe ndiye uliyekuwa ukimwagia maji ya moto kwenye beseni ili aloweke kile kidole cha mguu alichojikata kwa jembe. Kidonda kidogo, Skola. Kwa mtu mwingine kingesahaulika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kwa Bibi kilikaa, kikapanua mipaka, kikachukua kidole, kikachukua mguu, mwisho kikamchukua yeye. Alikuwa kibogoyo tangu nikiwa msichana. Nilipomuuliza meno yalikwenda wapi, alihesabu watoto wake kwa vidole: hili alikwenda nalo kaka yako, hili ndilo lako. Kila mtoto, kwa hesabu yake, alizaliwa na jino la mama mkononi. Alikuwa akicheka anaposema hivyo, ufizi mtupu unang'aa, nami nikaamini kwamba hivyo ndivyo wanawake wanavyozeeka.

Hakuna aliyempima sukari. Kwa hiyo sitasema leo kwamba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siwezi kumpa marehemu ugonjwa ili hoja yangu ipendeze. Lakini najua unachokifikiri unapotazama mashimo kinywani mwangu. Unafikiri: kidonda kingine, sukari ileile, na safari hii mimi sitakuwepo kumwaga maji.

Naomba nikurudishe nyuma kidogo, unione nilivyofika hapa kwa akili yangu yote niliyosomea.

Unajua nilivyokuwa chuoni. Nilipanda juu ya meza za bwalo nikiwa na sahani ya maharage mkononi, na nilikuwa na swali moja ambalo umati uliligeuza wimbo: "Adui ni nani?" Nililiuliza mara tatu, sauti ikipanda, na mara ya tatu nilikuwa na jina lake tayari. Siku moja lilikuwa la taifa, siku nyingine la kampuni, siku nyingine la mkuu wa bweni aliyefunga maji. Siyaonei aibu mengi niliyoyasema pale. Watu walikuwa na njaa ya kusemewa, nami nilisema. Lakini swali lile lilikuwa na kasoro niliyochelewa kuiona: lilidai jibu la umoja. Halikuruhusu wawili. Halikuruhusu kabisa kwamba adui wa kwanza na wa pili wanaweza kuwa wanapikiana.

Likaja soko huria. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga foleni ya sukari ya ugawaji hadi jua linatuchoma utosini, halafu ghafla maduka ya mjini yakajaa sukari nyeupe, soda za kila rangi, peremende, dawa za meno zenye mistari kama bendera. Katika kipindi hichohicho nikaanza kuamka kukojoa usiku, nikaanza kukauka koo, sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Nilipoambiwa hospitali kwamba nina sukari, mwanangu, nilikaribia kushangilia. Hoja ilikuwa imejipanga yenyewe! Soko huria lilikuwa limeniingia mwilini! Niliwahutubia hata akina mama waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Nikawaambia kwamba ugonjwa huu umeshushwa kwenye malori pamoja na mitumba.

Mama mmoja aliyekaa pembeni, ameweka kikapu cha mbogamboga magotini, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona mimi ninao tangu enzi za foleni?"

Nikamwambia hakunielewa. Loo! Alikuwa amenielewa vizuri sana.

Nyumbani nikaitangazia vita sukari ya dukani. Nilikunywa chai isiyo na sukari mbele ya wageni kama anayekula kiapo. Nikamnyima Baba yako soda siku ya Krismasi. Na fizi zilipoanza kutoa damu, nikampata adui wa pili haraka kuliko wa kwanza: ule mswaki wa plastiki na dawa yake yenye mistari. Nikavitupa. Nikarudi kwenye kijiti cha mti, na damu ilipozidi nikaacha kijiti pia, nikawa nasukutua maji ya chumvi tu, kwa hoja kwamba kinachotoka damu hakipaswi kusuguliwa. Ikoje hoja hiyo? Inasikika vizuri. Ingepigiwa makofi bwaloni. Kumbe uchafu ulionata kwenye mashina ya meno ndio uliokuwa ukizichokoza fizi, na kila siku niliyoziogopa niliuongezea nguvu.

Fizi zikavimba. Ugali wa dona ukawa kama changarawe. Mahindi ya kuchoma nikayatazama tu mikononi mwenu. Basi nikajitafutia chakula laini, cha kwetu, kisicho na mkono wa mfanyabiashara yeyote: togwa. Nilikoroga mwenyewe. Uji wa mahindi, kimea cha ulezi nilichokiotesha na kukianika mwenyewe, ukaachwa mpaka ukawa mtamu. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni nikitoka shule kikombe kikubwa. Sukari sikutia hata chembe. Na kila niliporudi kliniki, wakanikunjia uso: sukari imepanda tena.

Hapa ndipo ulipoingia wewe. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unafundisha kemia kwa muda pale sekondari huku ukisubiri kuitwa chuo. Nakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno, kwa sababu nilishindwa.

"Mama, umekunywa nini leo?"

"Togwa. Haina sukari."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi niliyeikoroga."

"Na huo utamu umetoka wapi?"

Swali gani hilo? Nimekunywa togwa tangu sijaota meno. Nimeinywa kwenye misiba, kwenye ngoma, kwenye shamba la Bibi jua likiwa kali, na hata siku moja sikujiuliza utamu unatoka wapi. Nilikujibu kwa sauti ya darasani: "Unatoka kwenye kimea."

"Na kimea kimeutoa wapi?"

Nikakuambia uache ubishi. Hukuacha, na ninamshukuru Mungu. Ulitoka shule siku iliyofuata na mrija wa kioo na kichupa cha ile dawa ya bluu ambayo wanafunzi wako hutumia kupima vyakula, ileile ambayo hospitali hutumia kupimia mkojo. Ukamwomba Baba yako aepue sufuria ya maharage jikoni, akaepua huku akiuliza kama leo tunakula bluu. Ukaweka togwa yangu kwenye mrija, ukadondoshea dawa, ukausimamisha kwenye maji yanayochemka. Tuliinama wote watatu. Bluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Halafu, mbele ya macho yangu, togwa ya mama yangu na ya mama yake ikawa nyekundu kama tofali lililotoka tanuruni.

"Mama," ulisema, "kimea kimeuvunja wanga wa mahindi ukawa sukari. Kiwanda chako kiko ndani ya chungu."

Baba yako akasema, "Basi tukitaifishe." Nilimchukia kwa muda mfupi, kisha nikacheka mpaka fizi zikatoa damu.

Nataka ujue kilichotokea kichwani mwangu jioni ile, kwa sababu sikukuambia. Nilihisi kama mtu aliyelinda mlango wa mbele kwa bunduki miaka mizima huku mgeni akipitia jikoni, tena akikaribishwa kwa kikombe. Nilikuwa nimegawa utamu kwa itikadi: wa dukani ni adui, wa nyumbani ni ndugu. Damu yangu haikuwa imesoma itikadi hiyo. Sidai kwamba togwa ni sumu. Wenye afya waendelee kunywa, na mimi nina wivu nao. Nasema tu kwamba mimi, mtu wa kuhoji kila kitu, nilikuwa na kitu kimoja nisichokihoji kwa sababu kilikuwa chetu.

Lakini nilichokipenda zaidi katika habari hii ni kilichofuata. Niliacha togwa. Nilitegemea ushindi. Mkojo wangu, ambao sasa ulinipimia nyumbani kwa dawa ileile na uliokuwa ukigeuka tofali, ukashuka hadi njano, ukakaa hapo. Nilimeza vidonge bila kukosa, nikala kwa kipimo, na njano ikagoma kuondoka. Ni wewe tena uliyesema, ukiwa unafua, bila hata kuinua uso: "Mama, mbona siku fizi zinapovimba sana ndipo rangi inapopanda?"

Nilikujibu kwamba ni kinyume. Sukari ikipanda, ndipo fizi zinavimba. Hata kliniki wanasema mwenye sukari vidonda vyake haviponi upesi.

"Inawezekana yote mawili," ulisema.

Yote mawili! Nilikuwa nimesoma vitabu vizima juu ya mambo yanayokinzana na kutegemeana, yanayosukumana na kuumbana. Nimeeleza hilo kwa wanafunzi nikitumia mabwana na wakulima. Haikunijia kwamba linaweza kuwa linatokea kati ya ufizi wangu na damu yangu.

Basi nikaenda kwa daktari wa meno. Unamjua, yule kijana wa Namtumbo aliyekonda. Nilipoketi kwenye kiti chake akasema, "Fungua mdomo, Mwalimu."

"Wewe ni mtu wa kwanza kunipa amri hiyo," nikamwambia. "Wote kabla yako walitaka niufunge."

Alicheka, akaingiza kioo chake, kicheko kikakoma. Akaniuliza kama nina maradhi mengine. Nikamwambia nina sukari. Aliweka kioo chini.

"Mbona hukusema mlangoni?"

"Hukuniuliza. Mimi nimekuja na jino, sikuja na mkojo."

Ni mzaha, lakini uchunguze. Kliniki ya sukari iko upande mmoja wa ua. Chumba cha meno kiko upande wa pili. Kule wamenitazama macho, wamenitazama nyayo, wameniuliza habari za kucha. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nifungue mdomo. Huku wametazama mdomo, na kama kijana yule asingekuwa na wasiwasi, hakuna ambaye angeuliza habari za damu. Ua ule unavukwa kwa hatua chache, lakini kwa muda wote huo ni mgonjwa peke yake aliyekuwa akiuvuka, akiwa amebeba ugonjwa mmoja wenye majina mawili. Bado nina hasira, Skola. Usidhani imeng'olewa pamoja na meno. Ila siku hizi naiuliza maswali kabla sijaipandisha mezani.

Nilimuuliza daktari swali lako. Alifikiri, na hilo lilinipendeza, kwamba alifikiri. Akasema sukari ikizidi katika damu, mishipa midogo ya fizi huharibika na mwili hupoteza nguvu ya kupambana na vijidudu, hilo wanalijua. Na uambukizo wowote mwilini, uwe wa mguu au wa kibofu, huifanya sukari iwe ngumu kutawala. Hilo nalo wanalijua. "Sasa fizi zikioza ni uambukizo kama mwingine," alisema, "tena ni jeraha, ila limejificha. Ukilikunjua lote, linaweza kufunika kiganja." Lakini kwamba kutibu fizi kutashusha sukari, na kwa kiasi gani, alisema hana hakika. Ameona wagonjwa wachache. Wengine walishuka, wengine hawakushuka.

Akanikwangua ukoga, upande huu siku hii, upande ule siku nyingine. Akanifundisha kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea, mswaki laini, hata damu ikitoka. Baada ya majuma kadhaa damu ikakoma. Nikatafuna maharage. Nikatafuna ugali wa dona mbele yenu kwa majivuno ya hovyo. Na unakumbuka wewe rangi ya mkojo: njano ikafifia, ikawa kijani, na asubuhi moja ikabaki bluu, nawe ukakimbia na mrija hadi uani kumwonyesha Baba yako, akakuomba kwa heshima usiusogeze karibu na chai yake.

Je, ni fizi? Au ni kwa sababu niliweza kutafuna chakula kigumu tena? Au vidonge vilikuwa vimepata wasaa wao? Au ni furaha tu? Zamani ningechagua jibu moja na kulitafutia kauli mbiu. Leo sijui, na kutojua huku kunaniwasha vizuri, kama kijana aliyependa. Mtu mmoja na kinywa kimoja hawezi kuwa ushahidi wa dunia. Lakini anaweza kuwa swali.

Meno yale mawili ya mbele yalikuwa yamechelewa. Daktari alisema mapema kwamba mizizi imeachwa wazi na hayatashika. Niliahirisha, na sababu yangu haikuwa ya kishujaa: mwalimu wa historia asiye na meno ya mbele hawezi kutamka "mapinduzi ya viwanda" bila kuwanyunyizia mate wa mstari wa kwanza. Ukasema huondoki mpaka yatoke. Leo asubuhi nimeyatoa ili nikufungulie njia, na badala yake nimekupa kidonda cha kukuzuia. Hivyo ndivyo mipango yangu inavyokwenda.

Sasa jibu langu. Ningeweza kukushinda. Unajua ninavyoweza. Ningeandika juu ya wasichana wangapi wa mkoa huu hawakupata nafasi uliyoipata, juu ya mimi kusimama juu ya meza ili ninyi mkae kwenye viti, ungelia, ungekwenda, na ungenichukia kuanzia basi linapofika Madaba. Sitaki uende kwa sababu hiyo. Wala sitaki kukudanganya kwamba kidonda hiki hakika kitapona. Daktari alinipima kabla ya kushika koleo, sukari ilikuwa mahali pazuri, akasema ana matumaini. Bibi hakuwa na daktari, hakuwa na kipimo, hakuwa na jina la kilichomsumbua. Mimi ninavyo vyote vitatu. Hiyo ndiyo tofauti, si kubwa kuliko ilivyo wala si ndogo.

Ukibaki, utakaa hapa ukitazama mashimo mawili asubuhi na jioni, na hayatapona haraka zaidi kwa sababu unayatazama. Baba yako, ambaye huogopa damu, leo alasiri ameniletea maji ya chumvi akiwa amegeuza uso ukutani, amenishikia kikombe mpaka nikamaliza, kisha akaenda kukaa nje kupunga upepo. Atajifunza. Jumatatu atanisindikiza hospitali. Nimeshamwambia, amekubali kwa sauti ndogo.

Ukienda, ninakuomba kitu kimoja ambacho hakuna mwingine nyumbani humu anayeweza kunifanyia. Vuka ule ua. Wafuate wa meno uwaulize habari za damu, uwafuate wa damu uwaulize habari za meno, na wakikuambia hilo si somo lako, uliza tena, kwa adabu. Sijali utakuwa daktari wa nini. Nikiwa nimekosea kuhusu fizi zangu, niandikie kwamba nimekosea, nitalisoma hilo kwa furaha kuliko salamu.

Nami nitakuandikia kila juma hali ya kidonda, kama kilivyo. Kikifunga nitasema kimefunga. Kikianza kunuka nitasema kinanuka, na hapo ukitaka kurudi, rudi, sitakuhutubia. Hilo ndilo ninaloweza kuliahidi.

Nasikia mnaimba njiani, nadhani wenzako wanakusindikiza. Basi linaondoka alfajiri. Usinijibu kwa mdomo usiku huu; ukiwa umeamua kwenda, acha tu sanduku lako mlangoni, nami nitaelewa.

Mama yako